Anayetaka kusomea jiolojia asivutwe na dhahabu pekee

KILA mwaka watahiniwa wa KCSE wanapoketi na wazazi wao kuchagua kozi za chuo kikuu, zinazotajwa kwanza ni zile zile: udaktari, uhandisi, sheria na uhasibu. Jiolojia, yaani sayansi ya miamba na maumbile ya dunia, hutajwa mwishoni, na mara nyingi kwa sababu isiyo yake. Wako wanaoiangukia kwa kuwa alama zao hazikutosha kuwafikisha walikotaka. Wako pia wanaoikimbilia kwa kuwa wamesikia kwamba Kenya ina mafuta, dhahabu na madini adimu, na kwamba mwenye shahada hiyo atakuwa wa kwanza kunawa mikono chakula kitakapoandaliwa.

Makundi hayo mawili huingia darasani bila kujua yanachokwenda kusoma. Baada ya miaka minne, kundi la pili ndilo ambalo huumia zaidi. Madini yana misimu: bei ikipanda migodi hufunguliwa, ikishuka hufungwa, na hata mgodi uliofanikiwa hufika siku ukaisha. Hata hivyo, zipo kazi tatu za mwanajiolojia ambazo haziishi nchini Kenya. Ya kwanza ni kutafuta maji. Ya pili ni kuvuna mvuke wa ardhini. Ya tatu ni kujua ni ardhi ipi inayoweza kubeba nyumba, barabara au kijiji bila kuhatarisha maisha ya watu. Kijana anayeichagua taaluma hii kwa kuzingatia kazi hizo tatu ana msingi imara kuliko yule aliyevutwa na dhahabu pekee.

Si jiografia wala uchimbaji

Wengi huichanganya jiolojia na jiografia. Jiografia ya shuleni humfundisha mwanafunzi yaliyo juu ya uso wa nchi na jinsi binadamu anavyoishi nayo. Jiolojia huuliza uso huo wenyewe ulitoka wapi, umeundwa kwa vitu gani na unaendelea kubadilika vipi. Wengine huichanganya na uhandisi wa migodi. Mwanajiolojia ndiye anayetafuta madini yalipo na kukadiria wingi na ubora wake, ilhali mhandisi wa migodi ndiye anayeamua yatolewe kwa njia gani.

Vyuo navyo vimeitenga mikondo hiyo. Chuo Kikuu cha Nairobi hufundisha jiolojia katika bewa la Chiromo, ambako siku hizi somo hilo limo katika idara moja na sayansi ya tabianchi. Chuo Kikuu cha Taita Taveta, kilichoko karibu na Voi, kinafahamika kwa uhandisi wa migodi. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, Nyeri, kina taasisi ya mafunzo na utafiti wa kawi ya mvuke. Mwanafunzi anayejaza fomu bila kuzielewa tofauti hizi anaweza kujikuta katika kozi ambayo hakuikusudia.

Ndani ya jiolojia yenyewe mna matawi mengi. Jiofizikia hupima mambo ya chini ya ardhi kwa kutumia sumaku, umeme, uvutano na mitetemo. Jiokemia huchunguza viasili vya kemikali vilivyomo katika miamba na maji. Haidrojiolojia hushughulikia maji yaliyofichika ardhini. Jiolojia ya uhandisi hupima uwezo wa udongo na miamba kubeba majengo. Kwa sababu hiyo, mwanafunzi aliyefanya vyema katika hesabu, fizikia na kemia hupata wepesi kuliko aliyeingia akitegemea kumbukumbu pekee. Majina ya mawe hukaririwa, lakini maelezo ya jinsi mawe hayo yalivyotokea yanadai kufikiri.

Miaka minne ya kujifunza kusoma

Mwaka wa kwanza huanza na vitu vidogo. Mwanafunzi hupewa kipande cha madini akitambue kwa rangi, mng'aro, uzito na ugumu. Kipimo cha ugumu kinachotumiwa duniani kote kina daraja kumi. Daraja la kwanza ni ulanga, ambao hukwaruzika kwa ukucha, na la kumi ni almasi, ambayo hukwaruza kila kitu. Zoezi hili huonekana la kitoto, lakini ndilo linalolizoesha jicho kuacha kuona "jiwe tu".

Baadaye huja hadubini. Kipande cha mwamba hukatwa, hubandikwa juu ya kioo, kisha husuguliwa mpaka unene wake ubaki sehemu tatu za mia moja za milimita. Kwa wembamba huo, hata jiwe jeusi la volkano hupitisha mwanga. Mwanafunzi hulitazama katika mwanga maalumu, akaona chembe za madini zenye rangi na maumbo yanayosimulia lilivyopoa, lilikandamizwa kwa kiasi gani, na ni maji ya aina gani yaliyopita ndani yake.

Mwaka wa pili na wa tatu hufundisha miundo: matabaka yalivyolala, yalivyokunjika na yalivyopasuka. Mwanafunzi hujifunza kutumia dira kupima mwelekeo wa tabaka na pembe ya mwinamo wake, kisha kuchora picha ya ardhi kana kwamba imekatwa kwa kisu na kutazamwa kwa ubavuni. Atakayeweza kuona kwa akili yale yaliyo mita mia tatu chini kutokana na dalili chache zilizo juu amefika penye kiini cha taaluma hii.

Jambo gumu kuliko yote hayo ni muda. Dunia ina umri wa takriban miaka bilioni 4.5. Mwanafunzi aliyezoea kuhesabu historia kwa karne hana budi kuzoea kusema miaka milioni kumi kama anayesema juzi. Asipouzoea muda huo, hataelewa vipi mto mdogo ulivyochimba bonde kubwa, wala vipi nchi inayosogea kwa milimita chache kwa mwaka ilivyoweza kupasuka kuwa Bonde la Ufa.

Kenya ni darasa

Mwanafunzi wa Kenya ana bahati ambayo wenzake wa nchi nyingi hawana. Akisafiri kutoka Ziwa Victoria hadi Bahari Hindi hupita juu ya sehemu kubwa ya historia ya dunia. Migori na Kakamega mna miamba yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Katikati ya nchi liko Bonde la Ufa na volkano zake, ambazo kwa kipimo cha dunia ni changa. Machakos, Kitui na Taita mna miamba iliyopikwa na kukandamizwa chini sana wakati milima ya kale, ambayo sasa imekwisha kulika, ilipokuwa ikiumbwa zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Karibu na Pwani yapo mawe ya mchanga, na ufuoni yako matumbawe ya kale ambayo wenyeji wamejengea nyumba na misikiti kwa karne nyingi.

Wasomi wa kigeni waliitambua thamani ya darasa hili mapema. Mwanajiolojia Mwingereza John Walter Gregory alilipitia Bonde la Ufa mwaka wa 1893, akaeleza kwamba halikuchimbwa na mto kama mabonde mengine, bali ardhi yake ilididimia kati ya mipasuko miwili mikubwa iliyoelekeana. Jina la Kiingereza analolitumia ulimwengu mzima kwa bonde hilo lilienea kutokana na kitabu alichokichapisha mwaka wa 1896.

Kwa sababu hiyo, sehemu ya masomo isiyoweza kufanywa darasani ni uchunguzi wa nyanjani. Mwanafunzi hupewa eneo, ramani, nyundo, dira, lenzi ndogo na daftari. Hutembea mtoni na milimani akipiga mawe, akipima na kuandika, na jioni huhamishia ramanini aliyoyaona. Panapokosekana jiwe lililojitokeza, hana budi kukisia kilichoko chini ya shamba la mahindi, na kukisia kwake sharti kuwe na sababu. Mwishoni hutoa ramani yake mwenyewe na ripoti ya kuitetea mbele ya wahadhiri.

Safari hizi ni ghali, na ndizo hupunguzwa kwanza fedha zinapokuwa haba. Kozi ikizipunguza sana, humtoa mhitimu anayejua majina ya miamba vitabuni lakini anayebabaika akiiona porini.

Dhahabu na mafuta

Historia ya Kenya yenyewe inatosha kumwonya anayeongozwa na tamaa ya madini. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, habari za dhahabu ya Kakamega ziliwavuta walowezi wengi waliokuwa wameathiriwa na kudorora kwa uchumi wa dunia. Machimbo yalizuka, ardhi ya wenyeji ikavamiwa, na baada ya miongo miwili hivi machimbo makubwa yalikuwa yameisha nguvu. Kilichodumu kutoka enzi hiyo ni idara ya serikali ya migodi na jiolojia, ambayo wataalamu wake walianza kuichorea ramani nchi kipande baada ya kipande. Ripoti zao zingali zinatumiwa na wanafunzi hadi leo.

Mfano wa karibu zaidi ni mafuta. Machi 2012, Rais Mwai Kibaki alitangaza kwamba mafuta yamepatikana katika kisima cha Ngamia 1, Turkana. Vijana wengi waliona mlango umefunguka. Aliyeingia chuoni mwaka huo kwa matumaini hayo alihitimu mwaka wa 2016. Januari ya mwaka huo, bei ya pipa la mafuta duniani, ambayo mwaka wa 2012 ilikuwa zaidi ya dola 100, ilikuwa imeshuka chini ya dola 30, na kampuni za mafuta kote ulimwenguni zilikuwa zikipunguza wafanyakazi. Agosti 2019 shehena ya kwanza ya mapipa 200,000 ilisafirishwa kutoka Mombasa, lakini usafirishaji wa mafuta kwa malori kutoka Turkana ulisitishwa mwaka uliofuata. Mwaka wa 2023, kampuni mbili kati ya tatu zilizokuwa zikishirikiana katika mradi huo zilijiondoa.

Mgodi wa Kwale una funzo jingine. Kampuni ya Base Titanium ilisafirisha shehena yake ya kwanza mapema mwaka wa 2014 na ikakoma kuchimba Desemba 2024. Haukuwa mgodi ulioshindwa. Ulichimba madini ya titani na zirkoni kama ulivyokusudia, mchanga wenye madini ukaisha, kazi ikaisha. Umri wake ulikuwa kama miaka kumi na mmoja, ilhali kijana anayeanza kazi akiwa na miaka ishirini na mitano ana miaka thelathini na mitano ya utumishi mbele yake. Mwanajiolojia anayejua madini ya aina moja katika mgodi mmoja hulazimika kuhama au kuanza upya.

Hayo hayamaanishi kwamba madini hayana faida. Sheria ya Madini ya mwaka wa 2016 iliweka utaratibu mpya wa leseni na wa kugawana mapato kati ya serikali kuu, kaunti na wenyeji. Utaratibu huo hauwezi kutekelezwa bila watu wanaojua kupima kilichomo ardhini. Kaunti isiyo na mtaalamu wake humtegemea mnunuzi kuitajia thamani ya mali yake, na muuzaji wa namna hiyo hapunjwi kwa bahati mbaya.

Mvuke wa Olkaria

Kama kuna mahali ambapo jiolojia imelilipa taifa hili, ni Olkaria karibu na Naivasha. Visima vya kwanza vya majaribio vilichimbwa huko katika miaka ya 1950 bila mafanikio. Kazi iliendelea baada ya Uhuru, na mwaka wa 1981 mtambo wa kwanza wa megawati 15 ukaanza kuzalisha umeme. Kufikia 1985 kituo hicho kilikuwa na megawati 45. Leo uwezo wa mitambo ya mvuke nchini umepita megawati 900, na mvuke ndio unaotoa sehemu kubwa zaidi ya umeme wa Kenya.

Kazi hiyo hufanyika hivi. Maji ya mvua huzama kupitia mipasuko ya Bonde la Ufa na kukutana na miamba iliyopashwa moto na magma. Hukaa huko yakiwa na joto kali chini ya shinikizo kubwa. Kisima kikichimbwa mahali panapofaa, hadi kina kinachoweza kufika kilomita tatu, maji hayo hupanda kwa nguvu na kugeuka mvuke wa kuzungusha mitambo. Kisima kimoja hugharimu mamilioni ya dola. Kikikosa mvuke, fedha hizo zimezikwa.

Mwanajiolojia ndiye hupunguza uwezekano wa hasara hiyo. Mashine inapochimba, chenga za mawe huletwa juu kila baada ya mita chache, naye huzitazama kwa hadubini usiku na mchana. Akiona epidoti, madini ya kijani yaliyoota ndani ya nyufa za mwamba, hujua kwamba mahali hapo pamewahi kufika joto la takriban nyuzi 240 au zaidi. Neno "pamewahi" lina uzito. Madini hayo yanaweza kubaki hata baada ya mwamba kupoa, kwa hivyo huyalinganisha na vipimo vya joto la sasa kabla ya kutoa ushauri. Somo la hadubini la mwaka wa pili, ambalo wengi hulilalamikia, ndilo linalotumika hapo.

Ujuzi huu umewafungulia Wakenya milango nje ya nchi. Mpango wa mafunzo ya mvuke ulioanza nchini Iceland mwaka wa 1979 umewapokea Wakenya wengi tangu miaka yake ya mwanzo, na baadhi ya waliofuzu huitwa kutoa ushauri katika nchi nyingine za Afrika zilizoko kwenye Bonde la Ufa.

Maji yaliyofichika

Kazi isiyovuma katika magazeti, lakini inayowaajiri wengi, ni ya kutafuta maji. Kisheria, anayetaka kuchimba kisima kirefu cha maji anahitaji idhini ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na ombi lake huambatanishwa na ripoti ya uchunguzi wa haidrojiolojia. Shule, hospitali, wenye ploti, mashamba ya maua na kaunti zote hupitia mlango huo.

Njia inayotumika sana ni kupima jinsi ardhi inavyozuia umeme. Vyuma hupigiliwa ardhini, mkondo hupitishwa, na mtaalamu hupima jinsi unavyopita katika vina mbalimbali. Mwamba mkavu huuzuia umeme, na mwamba wenye maji huupitisha. Ugumu ni kwamba udongo wa mfinyanzi na maji ya chumvi pia huupitisha vizuri. Mtu aliyefundishwa kutumia mashine tu atasema pana maji. Mwanajiolojia atauliza kwanza ni miamba gani iliyoko hapo, ndipo aamue. Tofauti ya watu hao wawili inaweza kuwa kisima kikavu kilicholipiwa kwa michango ya kijiji kizima.

Yaliyotokea Turkana yanalieleza jambo hili vizuri. Septemba 2013, serikali pamoja na UNESCO zilitangaza kwamba hazina kubwa za maji zimegunduliwa chini ya ardhi ya kaunti hiyo, kubwa zaidi ikiwa ile ya Lotikipi. Ugunduzi huo ulitokana na picha za setilaiti na rada zilizounganishwa na maelezo mengine ya kijiolojia, kisha visima vya majaribio. Taifa lilishangilia. Uchunguzi zaidi ulipofanywa, ilibainika mwaka wa 2015 kwamba maji ya Lotikipi yaliyopimwa yalikuwa na chumvi nyingi mno kuweza kunywewa bila kusafishwa. Kuwepo kwa maji na kufaa kwa maji ni maswali mawili, na la pili hujibiwa kwa kuchimba, kupima na kusubiri.

Katika Bonde la Ufa liko tatizo la floraidi. Madini hayo hutoka katika miamba ya volkano na kuyeyukia katika maji ya visima. Shirika la Afya Duniani linapendekeza yasizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa, lakini baadhi ya visima vya bonde hilo hupita kiwango hicho kwa mbali. Watoto wanaokulia kwenye maji hayo huota meno yenye madoa ya kahawia, na yakizidi sana hudhuru mifupa. Wengi wao hukua wakifichama kicheko chao kwa kiganja. Anayejua miamba ya eneo hujua mapema pa kushuku, akaagiza maji yapimwe kabla ya bomba kufikishwa shuleni.

Ardhi inapoteleza

Kazi ya tatu huonekana msiba unapotokea. Machi 2018, baada ya mvua kubwa, mtaro mrefu na wa kina ulitokea karibu na Suswa na kuikata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok. Vyombo vya habari vya kigeni vilitangaza kwamba Afrika inapasuka vipande viwili. Wanajiolojia wengi walieleza kwa utulivu kwamba bonde linapanuka kweli, ila kwa milimita chache kwa mwaka. Kilichoonekana Suswa kilielekea zaidi kuwa majivu ya volkano, yaliyokuwa yameujaza ufa wa zamani, kusombwa na maji ya mvua. Maelezo hayo yalikuwa na faida ya moja kwa moja: anayeijenga upya barabara hana budi kujua kama anapambana na mwendo wa bara zima au na mmomonyoko.

Utulivu huo haumaanishi kwamba hatari haipo. Januari 6, 1928, tetemeko la ukubwa wa takriban 6.9 lilipiga Subukia na kuacha ufa ulioonekana juu ya ardhi kwa kilomita nyingi. Wakati huo watu walikuwa wachache na majengo ya ghorofa hayakuwepo. Tetemeko kama hilo likitokea leo lingewakuta Nakuru na vitongoji vyake katika hali tofauti kabisa.

Maporomoko ya udongo ndiyo huua mara nyingi zaidi. Novemba 2019, mvua iliyonyesha usiku kucha iliporomosha milima katika Kaunti ya Pokot Magharibi na kuwaua zaidi ya watu 40, wengine wakiwa wamelala. Mteremko mkali, udongo mzito uliolalia mwamba laini, miti iliyokatwa na maji mengi ni mambo yanayoweza kuchorwa ramanini kabla ya mvua kuanza. Ramani haiwezi kuizuia mvua, lakini humwambia chifu ni boma lipi lihamishwe kwanza.

Hata mijini taaluma hii inahitajika. Sehemu kubwa za Nairobi zimekalia udongo mweusi wa mfinyanzi ambao hufura unapolowa na kupasuka unapokauka. Nyumba iliyojengwa juu yake bila kuchimbuliwa msingi wa kutosha hupata nyufa ukutani, na mwenye nyumba humlaumu fundi ilhali kosa lilianza siku ambayo hakuna aliyeupima udongo.

Kazi, usajili na maswali ya kuuliza

Mzazi ana haki ya kuuliza kama mtoto wake atapata kazi. Jibu la kweli ni kwamba nafasi za kuajiriwa zinazotangazwa kila mwaka si nyingi, na wengi husubiri. Wanaosubiri kwa muda mfupi huwa ni wale walioongeza ujuzi mwingine: uchoraji wa ramani kwa kompyuta, uchanganuzi wa picha za setilaiti, takwimu, na uandishi wa ripoti inayoeleweka na mtu asiye mtaalamu. Wengine huanza kama vibarua wa wapimaji maji, kisha hufungua ofisi zao.

Taaluma yenyewe inalindwa na sheria. Sheria ya Usajili wa Wanajiolojia ya mwaka wa 1993 iliunda bodi ya kuwasajili, na mhitimu anahitaji uzoefu kazini juu ya shahada yake kabla ya kutambuliwa. Mwananchi anayelipia uchunguzi wa kisima au wa msingi wa nyumba naye anastahili kuuliza kama anayemhudumia amesajiliwa. Swali hilo halina gharama, na laweza kumwokolea maelfu ya shilingi.

Kabla ya kujaza fomu, mtahiniwa na afanye mambo manne. Aulize idara inayofundisha kozi hiyo huwapeleka wanafunzi nyanjani kwa wiki ngapi katika miaka yote minne. Aulize kama maabara ina hadubini zinazofanya kazi na zinazowatosha wanafunzi. Aulize kama mafunzo ya kompyuta na ya kazini yamo katika mtaala au mwanafunzi hujitafutia. Mwisho ajiulize mwenyewe kama anaweza kutembea siku nzima juani, akarudi na mawe begani, akaketi jioni kuandika alichokiona. Swali hili la mwisho halibagui mvulana na msichana, maana wanawake wamo katika mitambo ya Olkaria na katika maofisi ya maji kama wanaume.

Akiridhika na majibu hayo, aijaze fomu bila kuona haya mbele ya wenzake wa udaktari. Ipo siku kijiji kitakusanya michango yake ili kipate maji, na mtu wa kwanza kuulizwa pachimbwe wapi atakuwa yeye. Jibu lake likiwa sahihi, watu watakunywa. Likiwa kosa, watakuwa wamepoteza fedha na kubaki na shimo.